Matapishi ya kijani hayasubiri foleni ya mpakani

Tuseme mtoto amezaliwa Ijumaa jioni katika kituo cha afya wilayani Ngara, mkoani Kagera, si mbali na daraja la Rusumo. Amelia mara tu alipotoka, amepimwa uzito, amevikwa kofia. Kulipopambazuka mama yake amefungasha khanga zake na kurudi nyumbani, kwa kuwa wodi ina vitanda vichache na wajawazito wengine wanasubiri. Jumamosi usiku mtoto anaanza kutapika. Hacheui maziwa kama wanavyocheua watoto wote. Anatapika kitu cha kijani, mithili ya maji yaliyochemshiwa mchicha. Bibi yake anasema ni chango. Jirani anayo dawa ya chango. Kufikia Jumapili jioni tumbo limejaa kama ngoma, ngozi yake inang'aa, na mtoto halii tena.

Mtoto huyu ni wa mfano tu, lakini hakuna daktari wa upasuaji wa watoto katika Afrika Mashariki ambaye hajampokea. Hufika siku ya tatu, ya nne, wakati mwingine ya saba. Hufika akiwa wa baridi, amekaukiwa maji, na mara nyingine utumbo wake umekwishatoboka.

Swali linalofuata ni la ramani. Kutoka Ngara hadi Bugando, hospitali ya rufaa ya kanda iliyoko Mwanza, ni safari ya zaidi ya kilometa 300 kupitia Biharamulo na Geita. Hadi Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la Kigongo–Busisi, gari la wagonjwa lililazimika pia kusubiri kivuko cha ziwani. Ukielekea upande wa pili, unavuka Mto Kagera pale Rusumo na kushika barabara ya lami hadi Kigali, ambako hospitali ya chuo kikuu, CHUK, inafanya upasuaji wa watoto wachanga. Njia hiyo ni fupi zaidi. Ila kati ya mtoto na Kigali kuna mpaka, na mtoto wa siku mbili hana kitambulisho, hana bima inayosomeka upande wa pili, na huenda hata jina hajapewa.

Kijani ni nyongo

Kiswahili kina bahati ya kuwa na maneno mawili pale lugha nyingine zinapotumia moja. Kucheua ni maziwa kurudi kidogo kinywani baada ya mtoto kushiba, na hakumuumizi. Kutapika ni jambo jingine. Na kutapika kijani ni jambo jingine kabisa, kwa sababu kijani hicho ni nyongo.

Nyongo hutoka kwenye ini na kuingia mwanzoni mwa utumbo mwembamba, chini kidogo ya tumbo la chakula. Njia ikiwa wazi, nyongo hushuka na chakula. Ikirudi juu hadi mdomoni, maana yake kuna mahali chini yake pameziba. Ndiyo maana vitabu vya upasuaji wa watoto vinaagiza kwamba mtoto mchanga anayetapika kijani achukuliwe kuwa na utumbo ulioziba au uliojisokota mpaka ithibitishwe vinginevyo. Wengine watachunguzwa na kukutwa hawana kasoro, na hilo si hasara. Hasara ni kumkosa yule mmoja ambaye utumbo wake umejisokota.

Kujisokota huko kuna historia inayoanza mapema sana tumboni mwa mama. Katika wiki ya sita hivi ya mimba, utumbo hukua haraka kuliko nafasi iliyopo, hivyo hutoka nje na kukaa kwa muda ndani ya kitovu. Kufikia wiki ya kumi hurudi ndani huku ukizunguka, jumla ya nyuzi 270, kisha hujishikiza kwenye ukuta wa nyuma wa tumbo. Kwa baadhi ya watoto mzunguko huo haukamiliki. Utumbo unabaki umening'inia kwenye shina jembamba la mishipa ya damu, kama nguo iliyoanikwa kwa kibanio kimoja. Siku yoyote unaweza kujizungusha na kukaba mishipa yake wenyewe. Kuanzia hapo zimebaki saa chache kabla ya sehemu kubwa ya utumbo mwembamba kufa. Upasuaji wake si mgeni: William Ladd wa Boston aliueleza mwaka 1936, na hadi leo unaitwa kwa jina lake. Tumbo linafunguliwa, utumbo unazungushwa kinyume na ulivyojisokota, na nyuzi zinazoukaba zinakatwa. Ugumu ni kumfikisha mtoto mezani kabla utumbo haujageuka mweusi.

Kujisokota ni moja tu ya kasoro hizo. Wapo watoto ambao utumbo wao umekatika, ncha moja imefungika na nyingine inaanzia mbele, katikati hakuna njia. Ikitokea kwenye duodenamu, mwanzoni kabisa mwa utumbo mwembamba, takriban theluthi moja ya watoto hao wana pia hali ya Down. Ikitokea mbele zaidi, chanzo chake ni tofauti, na aliyekithibitisha hakuwa Mzungu wa Ulaya wala Mmarekani. Walikuwa ni madaktari wa Cape Town, Jannie Louw na kijana wake Christiaan Barnard, yule ambaye mwaka 1967 angekuja kujulikana dunia nzima kwa kupandikiza moyo. Mwaka 1955 walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa watoto wa mbwa wakiwa bado tumboni mwa mama zao. Walifunga mishipa ya damu inayolisha kipande cha utumbo, na watoto hao walipozaliwa walikutwa na kasoro ileile inayoonekana kwa binadamu. Kumbe utumbo ulikuwa umeumbika vizuri, ila damu ilikatika. Kutokana na hilo walifundisha kwamba ile ncha iliyovimba, ambayo nayo haina damu ya kutosha, iondolewe kabla ya kuunganisha. Vifo vikapungua sana. Inafaa kukumbukwa kila mara inaposemwa kwamba elimu hii ni ya kuazima kutoka mbali.

Wapo tena watoto waliozaliwa bila tundu la haja kubwa, takriban mmoja kati ya kila watoto 5,000. Hawa wangepaswa kugunduliwa wote katika dakika ya kwanza, maana hakihitajiki kipimo chochote zaidi ya kumgeuza mtoto na kumtazama. Hata hivyo wengi hugunduliwa siku ya pili au ya tatu, na mama au bibi anapomwogesha. Kwa wasichana hali inaweza kujificha zaidi, kwani mara nyingi kinyesi hupata kijitundu kidogo karibu na uke, nepi inachafuka, na kila mtu anaamini mambo ni sawa. Kwa wavulana kinaweza kuchanganyika na mkojo.

Na wapo wenye ugonjwa wa Hirschsprung, nao pia takriban mmoja kati ya 5,000. Umepewa jina la daktari wa Denmark, Harald Hirschsprung, aliyeueleza mwaka 1886. Kwa watoto hawa njia ipo na inaonekana wazi, lakini sehemu ya mwisho ya utumbo mpana haina neva za kuusukuma. Inabaki imebana, na kilicho juu yake kinarundikana. Dalili ya kwanza ni haja ya kwanza kuchelewa. Mtoto aliyetimiza miezi yake anatakiwa kutoa kile kinyesi cheusi, kinachonata kama lami, ndani ya saa 24 za mwanzo. Karibu wote hufanya hivyo, na waliobaki ndani ya saa 48. Asiyetoa achunguzwe. Shirika la Afya Duniani, WHO, linashauri mama na mtoto wakae kituoni angalau saa 24 baada ya kujifungua. Mama anayeruhusiwa baada ya saa nane anakwenda nyumbani na swali ambalo hakuna aliyemwambia kwamba analo: mtoto ameshatoa haja, au bado?

Unapotoboka

Utumbo ulioziba unaendelea kupokea mate, maji ya tumbo, maziwa na hewa. Unavimba. Ukuta wake unakuwa mwembamba, na presha ya ndani inapozidi ile ya mishipa midogo, damu haipiti tena. Mahali pamoja panakufa, panatoboka. Kinyesi na bakteria vinamwagika ndani ya tumbo, kisha vinaingia kwenye damu. Mtu mzima angepiga kelele kwa maumivu. Mtoto mchanga hunyamaza. Anapoa badala ya kupata homa, anapumua kwa shida, anakataa titi. Tumbo lake linakaza, na pengine linageuka rangi ya samawati au wekundu kuzunguka kitovu. Picha ya eksirei inaonyesha hewa mahali isipotakiwa kuwapo, chini ya kiwambo au juu ya ini.

Mtoto njiti ana njia nyingine ya kufika huko. Utumbo wake haujakomaa, na katika wiki za mwanzo unaweza kuvimba, kuoza vipande vipande na kutoboka hata bila kuziba mahali popote. Sababu zake ni kadhaa, lakini kinga moja inajulikana vizuri nayo ni maziwa ya mama. Mtoto njiti anayelishwa maziwa ya kopo yuko katika hatari kubwa zaidi kuliko anayepata ya binadamu. Ndiyo hoja iliyo nyuma ya benki ya maziwa ya mama iliyofunguliwa mwaka 2019 katika Hospitali ya Uzazi ya Pumwani, Nairobi, ambako maziwa ya akina mama waliojitolea hupimwa, hupashwa moto kuua vijidudu na kupewa watoto ambao mama zao wamefariki au hawajaweza kutoa. Ilikuwa ya kwanza Kenya.

Kuhusu dawa ya chango, neno moja linatosha. Mtoto ambaye utumbo wake umeziba hanufaiki na kitu chochote kinachopitia mdomoni, kiwe mitishamba, maji ya sukari au gripu ya dukani. Kinaongeza mzigo juu ya mzigo. Na kinachoingizwa kwa nyuma, kwa bomba au kijiti, kimeshawahi kuwa ndicho kilichotoboa. Hakuna haja ya kuwakemea mabibi kwa hilo. Chango ni jina la maumivu ya tumbo ya mtoto, na maumivu yenyewe ni ya kweli. Tofauti ni kwamba bibi hakuwahi kuambiwa na mkunga yeyote kwamba kuna chango la rangi ya kijani ambalo halina dawa ya nyumbani.

Hospitali 264

Julai 2021 jarida la kitabibu la The Lancet lilichapisha utafiti uliowakusanya watoto 3,849 wenye kasoro saba za njia ya chakula na ukuta wa tumbo, katika hospitali 264 za nchi 74. Katika nchi tajiri walifariki asilimia 5.6. Katika nchi za kipato cha kati, asilimia 20.4. Katika nchi maskini, asilimia 39.8. Watoto wawili kati ya watano.

Kasoro moja katika orodha hiyo inaonyesha pengo kuliko zote. Mtoto anazaliwa na tundu kando ya kitovu, utumbo wake wote uko nje, hauna hata utando wa kuufunika. Wataalamu huiita gastroskisisi. Inawapata zaidi watoto wa mama wenye umri mdogo, chini ya miaka 20. Anayeiona kwa mara ya kwanza huamini mtoto hawezi kuishi, na hapo ndipo kosa linapoanza, kwa sababu utumbo wenyewe kwa kawaida ni mzima. Katika nchi tajiri walikufa asilimia 1.4 ya watoto hawa. Katika nchi maskini walikufa asilimia 90.

Asilimia 1.4 na asilimia 90, na ugonjwa ni uleule. Ikumbukwe pia kwamba waliohesabiwa ni waliofika hospitali. Aliyefia kijijini au njiani hayumo.

Pengo hilo halitokani na mkono wa mpasuaji pekee. Mtoto wa gastroskisisi anahitaji utumbo wake ufunikwe dakika ile ile, apate joto, maji na antibayotiki, utumbo urudishwe ndani kidogo kidogo kwa siku kadhaa ukiwa ndani ya mfuko maalumu wa plastiki, na wakati wote huo alishwe kupitia mshipa, kwa kuwa utumbo uliokaa nje huchukua wiki kadhaa kabla ya kukubali maziwa. Mfuko ule ni wa bei kubwa, na madaktari wa Afrika wameubuni kwa vitu walivyonavyo, ikiwamo mifuko ya mkojo na kondomu za kike. Lishe ya mshipani haibuniwi hivyo. Ni ghali, inahitaji famasia safi na wauguzi wa kutosha. Mtoto anaweza kufanyiwa upasuaji mzuri siku ya pili na kufa siku ya kumi na mbili kwa njaa au kwa maambukizi ya mrija.

Mpaka

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina nchi nane tangu Somalia ilipojiunga. Itifaki yake ya Soko la Pamoja ilianza kutumika Julai 2010, na kanuni zake za watu kusafiri kwa uhuru zinataja matibabu waziwazi kuwa sababu halali ya raia wa nchi moja kuingia nyingine. Kwa karatasi, mtoto wa Ngara anaruhusiwa kwenda Kigali.

Mambo hukwama kwenye vitu vidogo. Tangu Januari 2014, raia wa Kenya, Uganda na Rwanda wanaweza kuvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Tanzania haikuingia katika utaratibu huo, na hata katika nchi hizo tatu kitambulisho ni cha mtu mzima. Mtoto mchanga anasafiri kwa hati anayoombewa, na hati inaombwa kwa tangazo la kuzaliwa, ofisini, saa za kazi. Matapishi ya kijani kwa kawaida huanza usiku.

Kisha kuna fedha. Rwanda ina bima ya jamii, mutuelle, inayowafikia hadi wakulima wa vijijini. Kenya imeweka mamlaka mpya, SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Tanzania ilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote mwaka 2023. Uganda ilifuta malipo katika hospitali za serikali mwaka 2001. Kila mfumo una uzuri wake, na kila mmoja unaishia kwenye bango la "Karibu" la jirani. Ng'ambo ya pili mzazi analipa taslimu, pengine kwa kiwango cha mgeni.

Tazama Taveta. Mji huo wa Kenya uko mpakani kabisa, na KCMC, hospitali kubwa ya rufaa iliyofunguliwa Moshi mwaka 1971, iko chini ya kilometa 60 kutoka hapo kupitia Holili. Hospitali kuu ya Pwani, Mombasa, iko zaidi ya kilometa 200. Wafanyabiashara wa mahindi, vitunguu na mitumba wanavuka Holili kila siku ya gulio. Gari la wagonjwa la kaunti lina maswali mengi zaidi kuliko lori la vitunguu: bima ya gari, leseni ya muuguzi aliyeko ndani, nani anampokea mgonjwa, nani analipa. Lori lina wakala wa forodha. Mtoto hana wakala.

Siasa nazo huingia. Gatuna, mpaka mkubwa kati ya Rwanda na Uganda, ulifungwa Februari 2019 na kufunguliwa tena Januari 2022. Burundi ilifunga mipaka yake ya nchi kavu na Rwanda Januari 2024. Mpaka unapofungwa, habari huwa za malori na bei za bidhaa, na hizo zina haki yake. Nadra kuandikwa habari za wodi za watoto.

Jumuiya ilikwishawahi kugawana magonjwa kwa utaratibu. Chini ya mpango wa vituo vya umahiri ulioungwa mkono na Benki ya Maendeleo ya Afrika, Kenya ilipewa figo na njia ya mkojo, Uganda saratani, Tanzania moyo, Rwanda uhandisi wa vifaa tiba na afya mtandao, Burundi lishe. Wazo lilikuwa zuri: kila nchi isijaribu kujenga kila kitu. Upasuaji wa watoto wachanga haukuwamo. Mtu anaweza kujibu kwamba haufai kuwekwa katika kituo kimoja, kwa kuwa moyo unaweza kupangiwa tarehe na utumbo uliojisokota hauwezi, na jibu hilo lina nguvu. Kinachotakiwa hapa ni vituo vingi vya wastani vilivyo karibu, na ruhusa ya kutumia kile kilicho karibu zaidi hata kama bendera yake ni nyingine.

Upande mmoja ushirikiano umeshatangulia, nao ni mafunzo. Chuo cha Madaktari wa Upasuaji wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika, COSECSA, chenye makao yake Arusha, kilianzishwa mwaka 1999 na hakina majengo ya madarasa. Daktari hufunzwa hospitalini anakofanya kazi, na mtihani ni mmoja kwa nchi zote. Upasuaji wa watoto ni mojawapo ya fani zake. Hivyo aliyehitimu Uganda na aliyehitimu Tanzania wamejibu maswali yale yale, wanafahamiana kwa majina, wana namba za simu za kila mmoja. Rufaa nyingi za kuvuka mpaka zinazofanikiwa huanza hivyo, kwa ujumbe wa simu kutoka daktari hadi daktari, picha ya eksirei ikiwa imepigwa dirishani. Ni njia nzuri, ila inamtegemea mtu, na mtu huyo akiwa likizo njia haipo.

Kabla gari halijaondoka

Yapo mambo manne au matano ambayo kituo cha afya kinaweza kuyafanya bila mpasuaji, na yanaamua kama safari itakuwa na maana. Mtoto asinyonyeshwe tena wala kupewa chochote kwa mdomo. Mrija mwembamba upitishwe puani hadi tumboni na uachwe wazi ili uchafu utoke badala ya kupaliwa akiwa njiani. Mrija huo ni miongoni mwa vifaa vya bei ndogo kabisa katika stoo ya hospitali. Awekewe dripu na aanzishiwe antibayotiki. Akiwa na utumbo nje, ufunikwe kwa plastiki safi, ikiwamo ile ya kufungia chakula, na alazwe ubavu ili mishipa isikunjwe.

Na apate joto. Mtoto aliyefika akiwa na nyuzi 34 damu yake haigandi vizuri na hawezi kuingizwa chumba cha upasuaji mara moja. Inkubeta ya kusafiria haipo katika wilaya nyingi, lakini kifua cha mama kipo. Njia ya ngozi kwa ngozi ilianzia Bogotá, Colombia, mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa sababu hiyohiyo ya uhaba, na mwaka 2022 WHO ilishauri ianze mara tu baada ya kuzaliwa kwa watoto njiti na wenye uzito mdogo. Ila mama huyo amejifungua juzi, huenda kwa kisu. Katika rufaa nyingi mtoto hutangulia na shangazi, mama anabaki wodini, na kifua kinabaki naye.

Mfuko wa kitambaa

Mtoto aliyezaliwa bila tundu la haja kubwa hamalizi matibabu kwa siku moja. Kwa kawaida hufanyiwa upasuaji mara tatu. Kwanza utumbo mpana hutolewa nje kwenye ukuta wa tumbo ili kinyesi kipate pa kutokea, na hapo maisha yanaokolewa. Miezi kadhaa baadaye hutengenezwa njia yenyewe, kwa upasuaji ambao Alberto Peña aliubuni nchini Mexico miaka ya 1980 na ambao sasa unafanywa katika hospitali kubwa za ukanda huu. Mwisho, mdomo ule wa tumboni unafungwa.

Kati ya hatua ya kwanza na ya mwisho ni mama anayebeba kazi. Mifuko ya kukingia kinyesi haipatikani kwa urahisi nje ya miji mikubwa, na ikipatikana mzazi wa kijijini haimudu kila siku. Akina mama hukata khanga kuukuu, wakakunja kitambaa, wakakifunga kiunoni mwa mtoto kwa mkanda wa nguo. Kinafuliwa mara nne, mara sita kwa siku. Ngozi ikichubuka hupakwa mafuta ya mgando. Kuna akina baba wanaohama nyumba, na wakwe wanaouliza upande wa mama kuna nini. Kuna mama asiyekwenda kanisani wala msikitini kwa sababu ya harufu, na asiyepata wa kumwachia mtoto akaenda shamba. Baada ya hatua ya pili anafundishwa kupanua njia mpya kwa kijiti maalumu cha chuma, kwa mkono wake, kila siku kwa miezi, mtoto akilia.

Kwa familia ya Taveta iliyokimbilia KCMC, au ya Ngara iliyofika Kigali, hiyo ina maana ya kuvuka mpaka mara tatu kwa upasuaji na mara nyingi zaidi kwa kliniki. Pasi ya mgeni kwa raia wa Jumuiya inaweza kutolewa kwa muda wa hadi miezi sita. Hatua tatu za matibabu, zikienda vizuri bila jeraha kufumuka na bila foleni ya chumba cha upasuaji, mara nyingi huchukua karibu mwaka.